Gurudumu Lililokwenda Bila Sisi

Yaya, maana hivyo ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu Bukavu, aliugua polio kabla sijazaliwa, kwa hiyo sijawahi kumwona akitembea. Mimi ndiye niliyetangulia kufika Durban. Nilipopata kazi ya kusuka nywele katika saluni moja mjini, yeye akanifuata na cherehani yake ya mkono, tukapanga chumba cha chini katika jengo la ghorofa huko Berea. Chumba kilikuwa kizuri, shida ilikuwa mlima. Kwenda mjini unateremka, na kurudi nyumbani unapanda mpaka jasho linakuingia machoni.

Kiti chake cha magurudumu cha kwanza hapa tulipewa na watu wema wa kanisani. Kilikuwa cha chuma kitupu na kipana, yaya akikaa ndani yake anaonekana kama mtoto aliyekalishwa kwenye sofa ya wageni. Hakikunjiki. Madereva wa teksi, yale mabasi madogo ya abiria, wakikiona tu wanaangalia mbele na kukanyaga mafuta. Aliyesimama alikuwa amesimama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kelele: "Haraka, mama, haraka!" Mimi nambeba yaya mgongoni, mtu mwingine anahangaika na lile lichuma mlangoni, abiria wote wanatutazama.

Kilichomuudhi zaidi ni mikono ya watu. Kiti kile kilikuwa na vishikio viwili nyuma, na mtu akiona vishikio anadhani ameitwa. Siku moja pale soko la Warwick nilimwacha kando ya barabara nikanunue nyuzi. Kurudi, hayupo. Nikamwona ng'ambo ya pili amekunja uso, na nyuma yake mbeba mizigo mmoja anatabasamu, amefurahi kusaidia.

"Amenivusha," yaya aliniambia nilipomfikia. "Hakuniuliza hata! Mimi niko nakungojea wewe pale, yeye ananivusha kama gunia ya kabichi."

Nilicheka, yeye hakucheka. Baada ya hapo alianza kukataa kutoka. Wateja wake wakawa wanakuja nyumbani kupimwa, na wale ambao hawakuweza kuja aliwaacha waende kwa washonaji wengine. Mimi nikiwa saluni simu nilikuwa naiweka juu ya meza ya vioo, na kila ikitetemeka naacha kusuka: labda ameanguka, labda kiti kimeteleza.

Mteja mmoja ndiye aliyetuambia habari za kliniki wanakotengeneza viti kwa kipimo cha mtu. Tulikwenda bila matumaini makubwa. Aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana wa Kizulu, mtaalamu wa viti. Nilitegemea aulize habari za miguu, ilianza lini, dawa gani. Hakuuliza. Alimuuliza yaya anaishi wapi, mlima wake ukoje, anapanda gari gani, nani anambeba, na akishona anakaaje. Akamwambia aigize anavyozungusha cherehani. Yaya akazungusha mkono hewani, kwanza kwa aibu, halafu kama yuko kazini kabisa.

"Na kitu gani kinakukasirisha kuliko vyote?" akauliza.

Nikatafsiri. Yaya hakufikiri. "Watu kunisukuma bila ruhusa."

Yule mwanamke akacheka, akaandika. Kisha akatuomba tumletee upana wa mlango wa teksi na nafasi iliyoko nyuma ya kiti cha mwisho. Vipimo vya kiwandani anavyo, alisema, lakini teksi za hapa zimefungwa viti upya na kila mtu anavyotaka. Basi nikaenda stendi na futi ya yaya shingoni, nikaanza kupima mlango.

"Hey, sisi," dereva akaniuliza, maana hapa sisi ni dada, "unaishonea suti teksi yangu?"

"Nikipata kitambaa cha kutosha," nikamjibu. Akanishikia ncha ya futi.

Kiti kipya kilipokuja, jambo la kwanza nililofanya ni kukiinua. Nilikiinua kwa mkono mmoja, nikakitua, nikakiinua tena. Katikati ya kila gurudumu kubwa kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, gurudumu zima linachomoka mkononi, mgongo wa kiti unalala, na kinachobaki ni kitu cha kubebwa kama begi la safari. Vishikio vya nyuma vilikuwepo, lakini vilikunjwa chini na kujificha, na aliyeweza kuvifyatua ni yaya mwenyewe kwa kamba ndogo iliyo ubavuni mwake. Alivifunga na kuvifungua mara nyingi, kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba yake.

Siku hiyo tulipanda mlima wa Berea kwa miguu yangu na mikono yake. Nilitaka kusukuma, akanikatalia. Nikatembea nyuma yake nimenyoosha mikono. Tulipofika pale barabara inaposimama kama ukuta, karibu na robot, hizo taa za magari, ghafla aliachia magurudumu yote mawili akajifuta uso kwa kitenge.

Nilipiga ukelele mpaka mtu akafungua dirisha.

"Kelele ya nini?" yaya akasema bila kugeuka. "Tazama. Iko inajishika."

Kweli kiti kilikuwa kimesimama. Kulikuwa na kijiti kidogo pembeni ya kila gurudumu ambacho mtaalamu alikuwa amemwonyesha nilipokuwa nje napiga simu. Ukikishusha, gurudumu linakubali kwenda mbele na linakataa kurudi nyuma. Yaya alipumzika, akatazama bahari kule chini, akaendelea kupanda. Mimi nilibaki nyuma kidogo kwa sababu nilikuwa nalia.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa Chatsworth. Bibi mmoja wa huko, Mwislamu aliyezaliwa hapahapa Durban lakini wazee wake walitoka pwani ya Afrika Mashariki, alikuwa ameagiza nguo ya harusi ya mjukuu wake. Dereva wa teksi hakukanyaga mafuta. Nilimkalisha yaya, nikachomoa magurudumu, moja nikaliweka miguuni mwetu na la pili nikalisukuma nyuma ya kiti cha mwisho. Njia nzima yaya alikuwa dirishani na nguo ya harusi mapajani, anasoma mabango kwa sauti.

Tuliposhuka, nilimweka yaya juu ya ukuta mfupi wa bustani ya watu, nikarudi kuchukua kiti, nikachukua gurudumu la miguuni. Nilipogeuka kufuata la nyuma, mlango ulikuwa unafungwa. Gari lililokuwa nyuma lilikuwa limepiga honi, na dereva akaondoka. Nilikimbia nikipiga kelele, kilemba changu kikadondoka, teksi ikakata kona.

Nilirudi kwa yaya na gurudumu moja.

"Ingine iko wapi?" akauliza.

"Imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Na teksi."

Alinitazama, akatazama gurudumu, akaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika na macho yakamjaa machozi. "Sasa turudi kwenye lile lichuma," alisema. Sikuwa nimeangalia namba ya gari. Nilikaa pembeni yake ukutani, jua likituchoma, na nikawaza jinsi nitakavyombeba mgongoni mpaka mjini.

Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mwanangu," sauti ya mama mtu mzima ikasema kwa Kizulu, "wewe ndiye mwenye gurudumu?"

Nikamwuliza amejuaje namba yangu.

"Si imeandikwa hapa katikati, kubwa hata mimi naiona bila miwani."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ya kuchukua kiti, mtaalamu aliandika namba yangu kwa wino usiofutika kwenye kila gurudumu, mahali palipoachwa wazi kwa kazi hiyo. Nilimwuliza kwa nini wasiweke zile alama za kusomwa na kamera ya simu. Akasema si kila mtu ana bando la intaneti, lakini namba kila mtu anaijua.

"Dereva amesema nimwachie, atalileta akigeuza," mama akaendelea. "Nimekataa. Unaona anavyoendesha? Ninalo mapajani, nakuja nalo mwenyewe. Msiondoke."

Tuliwezaje kuondoka? Teksi ilikuja upande wa pili wa barabara, dereva akipiga honi na kutoa mkono dirishani kuomba msamaha. Mama akashuka, mnene, amevaa sare ya kanisa, amelikumbatia gurudumu kifuani. Yaya alilipokea kwa mikono miwili. Akalisukuma mahali pake mpaka likalia *tak*, akalivuta kuhakikisha, halafu akalivuta tena.

"Eish," mama akasema, "ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu," nikajibu, na sote watatu tukashusha pumzi kwa pamoja. Alikataa nauli ya kurudi. Alichotaka ni kuiona nguo ya harusi. Yaya akaikunjua palepale kando ya barabara, na mama akasema bibi harusi ana bahati.

Siku hizi yaya anatoka peke yake. Anateremka mjini, anachagua vitambaa vyake, anabishana na wauzaji kwa Kizulu chake kibovu. Jumamosi iliyopita mteja niliyekuwa namsuka aliniuliza dada yangu yuko wapi, anataka kumpa kazi.

"Sijui," nikamwambia. "Labda sokoni, labda baharini."

Nikaendelea kusuka. Simu ilikuwa ndani ya pochi, na pochi ilikuwa kabatini.