Siku Tuliyowaficha Wasaidizi

Mimi sijui kunyamaza. Muulize mume wangu, Mungu azidi kumpa subira. Kwa hiyo jioni ile aliporudi kutoka karakana ya reli na habari kwamba serikali inataka kuacha kuwalipa wasaidizi wa darasa maalum, wazazi wajibebee mzigo wenyewe, nilipiga kelele mpaka majirani wakapunguza redio wasikie vizuri.

"Wajibebee? Kwani sasa nani anambeba mtoto wetu? Waziri?"

Binti yetu alikuwa na miaka minane. Alizaliwa na mwili unaokaza, mikono na miguu ikifanya inavyotaka yenyewe. Akili ilikuwa kali, na mdomo aliurithi kwangu, ingawa maneno yalimtoka polepole. Darasa lake lilikuwa katika shule ya msingi huko karibu na mtaa wa Tena, na lilisimama kwa nguvu za akina mama wawili walioajiriwa kuwainua watoto, kuwalisha na kuwasafisha. Asubuhi nikishamkabidhi kwao, naenda zangu soko la Burma kupika supu kibandani. Wakiondolewa, basi tena: mimi narudi nyumbani, na yeye anarudi kitandani kutazama dari mchana kutwa, kama zamani kabla ya shule. Hapo ndipo paliponitia hofu. Dari ile niliichukia kama mtu.

Mwalimu akatuambia kuna afisa wa wizara atakuja kuliona darasa kabla ya uamuzi kupitishwa. Tukakutana wazazi, na hapo ndipo tulipoharibu. Wengi wetu tulikuwa watu wa upande wa magharibi wa nchi, na kwetu mgeni akija unaficha sufuria zilizoungua, unatandika vitambaa kwenye viti, unawaosha watoto mpaka masikio. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mgeni huyu alikuwa anakuja kuona shida. Tukakimbilia sabuni.

Siku yenyewe watoto waling'aa, nakwambia. Mafuta usoni, soksi nyeupe, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika. Viti vya magurudumu, vile vikuukuu tulivyovifunga kwa kamba za mpira, tukavisukuma stoo. Watoto tukawaketisha kwenye madawati, tukawaegemeza kwa mito tuliyoifunika leso isionekane. Na wasaidizi, kwa vile aproni zao zilikuwa na madoa, tukawaomba wakae jikoni, tukawafungia mlango.

Afisa akaingia na suti ya kijivu na tai ya kumetameta. Binti yangu alikuwa amekaririshwa salamu ya heshima wiki nzima. Akamtazama, akasema, "Niaje, mzee?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mzee alicheka, watoto wakaimba, naye akapiga makofi. Kisha akatugeukia wazazi.

"Nimefurahi sana. Nilidhani hali ni mbaya, kumbe watoto wanajiweza. Kwa kweli sioni wasaidizi wana kazi gani hapa."

Tukatazamana. Ala! Tulikuwa tumejimaliza kwa mikono yetu wenyewe.

Alipogeuka kutafuta mlango, nikasimama mbele yake. "Mheshimiwa, sisi hatumwachi mgeni aondoke na njaa." Chakula kweli kilikuwepo, ugali na kuku, tulikuwa tumepika tangu alfajiri. Akasema ana mkutano mjini. Nikamwambia mkutano utamngoja lakini ugali utapoa. Akacheka, akakubali kunawa. Nikamketisha kando ya binti yangu, nikaweka sahani moja katikati yao.

"Karibuni. Jirani yako hapo hawezi kujilisha. Tafadhali msaidie."

Wenzangu wakashika midomo. Mwalimu akanikanyaga mguu, nikausogeza. Afisa akafinyanga tonge, akalipeleka, na shingo ya binti yangu ikageukia upande mwingine, kama kawaida yake. Akajaribu tena. Mchuzi ukatua kwenye tai.

"Ngoja nimeze kwanza," binti akamwelekeza. "Halafu kidogo kidogo."

Mara mto ukateleza. Mtoto akaanza kuporomoka, na bwana mkubwa akamdaka kwa mkono mmoja huku paja la kuku limebaki juu katika mkono wa pili. Jasho lilimtoka. Darasa zima likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni yule aliyedakwa.

"Mama," afisa akaniambia akihema, "ni hivi kila siku?"

"Hapo bado hujambadilisha nguo."

"Sasa hao wasaidizi wako wapi?"

Sote tukageuka kuutazama mlango wa jikoni. Ulipofunguliwa, wakatoka na aproni zao za madoa. Mmoja akampokea binti yangu, akamwegemeza kifuani pake, akamlisha huku akipiga soga na mwenzake, na sahani ikaisha. Viti navyo vikatolewa stoo, pamoja na mipira yake. Afisa alitazama yote hayo, mikono yake ingali na ugali.

Wasaidizi hawakuondolewa, angalau si miaka ile. Aliahidi kuwaeleza wakubwa wake alichokiona, na naamini aliwaeleza. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni alipokuwa akituaga getini. Nilikuwa nimembeba binti yangu mgongoni, miguu yake tayari inanigonga magotini. Afisa akatutazama, akauliza kwa upole, "Na akikua, mama? Akikuzidi uzito?"

Swali hilo lilikuwa likinila moyo tangu alipoanza kurefuka, na sikuwa nimemwambia mtu, hata baba yake. Mimi, mwenye maneno ya mtaa mzima, nikainama kukaza leso niliyombebea.

Binti yangu akajibu juu ya bega langu, taratibu, neno kwa neno. "Nitakuwa na kazi. Nitaandika watu wawili." Akapumzika kidogo, akavuta pumzi. "Mmoja wa kunibeba mimi. Na mmoja wa kumbeba mama, kwa sababu atakuwa amechoka."

Nilicheka kwa sauti kubwa ili wasijue kwamba ninalia, lakini walijua.