Njuguna Alivyonifundisha Kuvuta Kiko

Siku hiyo kazi ilikuwa kidogo, tukatoka mapema kwenda kula. Baada ya chakula tuliketi juu ya gogo kando ya mtaro, nje ya geti la yadi ya mbao pale Eldoret, kwa sababu ndani kulikuwa na vumbi la mbao kila mahali na moto ulikatazwa kabisa. Mimi nilikuwa karani wa mauzo, nimetoka Bungoma kutafuta kazi. Njuguna alikuwa fundi wa misumeno ya injini. Tulikuwa rika moja, na mtaani Kimumu tulipanga nyumba zilizopakana. Yeye alivuta kiko kama baba yake, na watu wa yadi walimcheka kwamba anajifanya mzungu. Mimi nilikuwa nimenunua changu juzi tu, na ulimi ulikuwa umeniungua hata chai sikuisikia ladha.

"Shida yako ni haraka," aliniambia. "Unavuta kama mtu anafukuzwa."

Akanimwagia tumbaku yangu yote chini ya gogo, tukaanza upya. Tumbaku ya sokoni ina maji mengi, alisema, kwa hiyo lazima ianikwe kidogo kwanza. Chini unaiacha ilegee, juu ndipo unashindilia. Kabla ya kuwasha unavuta hewa tupu: ikipita kama soda kwenye mrija, ni sawa, ikikataa, toa yote urudie. Unawasha ukizungusha kiberiti, tumbaku inafura, unaigandamiza polepole kwa kichwa cha msumari, halafu unawasha tena. Baada ya hapo ni kuonja tu. Moshi hauendi kifuani. Kiko kikichoma shavu ukikigusisha, kiache kipumzike, na kikizimika si aibu.

Kwangu kilizimika mara nyingi mno. Njuguna hakuwa mwalimu mpole. Alinicheka, akanitukana, akasema makarani hawajui kutumia vidole.

Uchaguzi ukaja. Matokeo yalipotangazwa, ilikuwa bado mchana, tukaona moshi ukipanda upande wa pili wa mji, halafu karibu, halafu nyuma ya nyumba zetu. Vijana walipita wakiuliza nani wa kabila gani anaishi wapi. Jirani tuliyechota naye maji kila asubuhi akanyoosha kidole kwenye mlango wa Njuguna.

Alinyoosha tu. Wala hakuulizwa mara mbili.

Tulitokea dirisha la nyuma. Mimi nilimbeba mtoto wao, Nyambura, ambaye hata kutembea hakuwa amejua. Njuguna alimshika mkono mke wake, Wambui. Tulifika kituo cha polisi tukakuta watu wamejaa hadi kwenye maua. Sisi tuliotoka magharibi, upande wa Bungoma, hatukuwa tunatafutwa siku zile, kwa hiyo niliweza kutoka na kurudi na unga na maziwa. Nilipopita mtaani kwetu nikakuta nyumba yao imebaki kuta. Kiti chao kilikuwa kwenye baraza ya yule jirani.

Pale kituoni Njuguna aliendelea kunifundisha. Kiko chake kilikuwa kimeungua, tukavuta changu kwa zamu. Alinionyesha kwamba hukigongi kikiwa moto, unakingoja kipoe, ndipo unapitisha unyoya wa kuku kwenye shina lake. Siku moja nilivuta kuanzia juu hadi majivu bila ulimi kuuma. Akasema, "Sasa umekuwa mtu." Halafu akageuka kutazama barabara.

Lori likapatikana la kupeleka watu Timboroa, ambako Wambui alikuwa na ndugu. Nilipanda nao, nikidhani jina langu na lafudhi yangu vingesaidia njiani.

Tulipofika Cheptiret barabara ilikuwa imezibwa kwa miti iliyokatwa mbichi. Kijana mmoja alikuwa bado anakata mti mwingine kwa msumeno wa injini.

Njuguna akainua kichwa. Aliujua mlio wa ule msumeno. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe kabla ya Krismasi.

"Huyo ni Samson," akaninong'oneza. "Huyo ni mteja wangu."

Akasimama, akamwita kwa jina.

Samson alizima msumeno. Alimtazama vizuri. Halafu akawaambia wenzake kabila la Njuguna.

Wakamshusha. Niliruka chini nikamshika mkono, nikasema huyu ni ndugu yangu. Walinipiga rungu begani, mkono ukafa ganzi, ukaachia. Watu wa kwenye lori wakanivuta kunirudisha juu. Dereva akaikwepa miti, akapita shambani, Njuguna akabaki mikononi mwao.

Wambui hakulia. Alimfunika mtoto macho.

Barabara ilipofunguliwa tulimpata mochari, tukamzika Timboroa kwenye baridi, watu wachache, mahubiri mafupi.

Miaka imepita na mimi bado niko Eldoret. Navuta kiko vizuri sasa, na mtu akiniomba nimfundishe nakataa. Samson ana duka la vipuri vya misumeno na hukaa benchi la mbele kanisani. Tuliitwa mkutano wa amani, tukaambiwa tushikane mikono. Nilimwomba kwanza ataje jina la mtu aliyemtengenezea msumeno. Alisema ni zamani, hakumbuki. Waliokuwapo wakanisihi nisiharibu mkutano. Mimi ndiye niliyeonekana mbaya.

Mwaka huu nilikwenda Timboroa kuwasalimu. Nyambura ni msichana mkubwa, mrefu kama baba yake. Aliniuliza kama baba yake alikuwa mkali. Nikamwambia alikuwa na mdomo mbaya na mikono mizuri, na kwamba alimwita mtu kwa jina akiamini wanajuana. Akaniuliza ni nani huyo.

Wambui aliinama kwenye sufuria. Alikuwa ameniomba, zamani, mtoto asilelewe akilijua jina hilo. Lakini Nyambura hakuwa mtoto tena, na huko mjini kila mtu alikuwa amelisahau jambo lile kwa raha zake.

Nilimwambia ni Samson, na mahali duka lake lilipo.

Alinishukuru. Halafu akaenda nje kuanua nguo, na mama yake akaipua sufuria bila kunitazama.