Mwaka Tulioanzia Chini

Ngolo huanzia juu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipoolewa milimani, upande wa Litembo, na aliyenifundisha ndiye aliyekuja kulivunja. Nimekwisha kumsamehe mara kadhaa, hasa nikiwa kanisani. Nikirudi nyumbani na kukuta maharage kwenye ungo, msamaha wenyewe hunitoka.

Mimi ni mtu wa ziwani, wa Lipingo. Kwetu tunalima muhogo kwenye mchanga na kula usipa, dagaa wa ziwa letu, asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha maji huzama ardhini, mambo yakaishia hapo. Milimani hakuna tambarare hata ya kuanikia kitenge. Siku nilipoletwa, ndugu wa mume wangu walinipokea kwa utani: huyu mke wa usipa ataweza kusimama huku bila kushika mti? Nikawajibu kwamba aliyekulia kwenye mtumbwi haogopi mlima usiotikisika. Walicheka sana, na siku ya tatu wakanipa jembe, kama methali inavyotaka.

Jembe hilo alinikabidhi mke wa shemeji yangu, yaani kaka mkubwa wa mume wangu. Nilimwita dada. Yeye Kimatengo, mimi Kinyasa, tukakutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili chetu cha shambani kilitosha kwa kila kitu, hata kusengenya. Alikuwa na mikono mipana na subira ambayo mimi sikujaliwa. Alinionyesha jinsi wanaume wanavyofyeka nyasi, wakaziacha zikauke, halafu wakazilaza kwa mistari inayokatizana mpaka mlima mzima ukawa miraba mitupu. Hapo ndipo wanawake huingia. Unachimba udongo katikati ya mraba na kufukia zile nyasi, hadi katikati panabaki shimo na pande zote panasimama tuta nene lenye nyasi tumboni. Juu ya tuta unapanda maharage. Hiyo ndiyo ngolo. Mvua ikija, kila shimo hukamata maji yake na kukaa nayo, na udongo haushuki mtoni.

"Lakini shimo moja halifanyi kazi," aliniambia. "Ni mlima mzima, mdogo wangu. Ukichimba chini na juu pakabaki wazi, mvua ya juu itakuja kwako yote. Kwa hiyo tunaanzia juu, tunateremka."

Shamba lake lilikuwa juu, langu lilikuwa chini yake, na chini yangu kabisa, bondeni karibu na nyumba, ilikuwa kahawa ya mume wangu na kaka yake. Tulichimba kwa ngokela, kazi ya zamu: wanawake wote wa ukoo leo kwako, kesho kwa mwenzako, na mwenye shamba anapika. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyekosa. Vilevile hakuna mwanamume aliyekula peke yake. Kila mke alipika akapeleka chungu chake kwenye nyumba ya mzee wa ukoo, wanaume wakala pamoja huko, chakula cha huyu kikichanganyika na cha yule, na baada ya kunawa wakazungumza mambo ya ukoo. Kikao hicho walikiita sengu. Sisi tulitua vyungu mlangoni tukaondoka. Nilipomsimulia mama yangu Lipingo, alisema watu wanaokula hivyo hawawezi kufa njaa mmoja mmoja. Mimi niliamini hivyo pia, na niliupenda mlima ule kwa sababu hiyo.

Kahawa ilikuwa ya wanaume. Mahindi yalikuwa ya ghala, na ghala lilikuwa na mwenyewe. Maharage yalikuwa yangu. Yalikuwa mboga ya wanangu mwaka mzima, mbegu ya mwaka unaofuata, na gunia moja la kuteremka nalo kwa mama baada ya mavuno, nirudi na usipa. Mwanamke asiye na maharage pale mlimani alikuwa wa kumwomba mumewe mpaka chumvi. Mimi kuomba siwezi, nimeumbwa vibaya upande huo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Ushirika uliokuwa ukituletea mbolea ya kahawa ukalegea, baadaye hata mlango wa ghala lake haukufunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na maneno yake matamu. Mmoja wao, mfanyabiashara kutoka Mbinga mjini, alitaka viazi mviringo, na aliyekubali kumlimia alipewa mbolea. Wanaume waliizungumza mbolea ile sengu jioni baada ya jioni. Walikuwa na haki ya kuizungumza, kahawa ilikuwa imeanza kukauka matawi. Sisi wanawake tulisikia kidogo tu, tukaendelea kuandaa majembe, kwa sababu Machi ilikuwa imefika.

Siku moja asubuhi dada alikuja jikoni kwangu. Alikaa kwenye kigoda, akachukua maharage niliyokuwa nikichambua, akanisaidia.

"Mwaka huu tuanzie kwako, mdogo wangu."

Nikadhani ananitania. "Ngolo huanzia juu. Nani kasema? Si wewe?"

"Mgongo unanisumbua. Wacha upumzike kidogo, langu litachimbwa wiki ijayo. Kwani mvua inajua nani kaanza?"

Niseme ukweli, nilifurahi. Miaka yote langu lilifikiwa watu wakiwa wamechoka na nyimbo zimekwisha. Kuanziwa ilikuwa heshima, na mimi mtu wa kuja niliona sasa nimekuwa wa pale. Nilipomweleza mume wangu, alikuwa ananoa panga. Alisema, "Vizuri," akaendelea kunoa. Kesho yake alikwenda kulaza nyasi zangu mwenyewe, kwa mistari iliyonyooka na minene kuliko mwaka wowote. Nikampelekea uji shambani. Nilimwonea fahari.

Siku ya ngokela walikuja wote. Nilipika ugali, kuku, na togwa ya kutosha. Dada alichimba ubavuni pangu, jembe kwa jembe, na mgongo wake haukulalamika hata mara moja. Alipanga mashimo yangu kwa uangalifu, akasisitiza tuyachimbe marefu. "Yaingie maji mengi," alisema, na mimi nikachimba kwa nguvu zangu zote, nikicheka.

Wiki iliyofuata hakuniita. Waliokuja shambani kwake walikuwa vibarua, watu tusiowajua, na walichimba matuta ya viazi. Yalianzia juu kabisa, yakanyooka kuteremka moja kwa moja hadi kwenye mpaka wangu, kwa sababu ndivyo inavyokuwa rahisi kwa mtu anayetaka kumaliza haraka. Nilipanda juu.

"Dada, hiki ni nini?"

"Viazi. Mwenye mbolea anataka matuta. Ngolo inamchelewesha."

"Matuta yanamwagia kwangu!"

"Shamba lako limechimbwa vizuri," alisema. "Nilikuwepo." Hakuniangalia usoni.

Nilimwambia mume wangu alipeleke jambo hilo sengu. Akasema atalipeleka. Kila jioni nilimuuliza, kila jioni jibu lilikuwa kesho.

Mvua kubwa ilikuja mchana, maharage yangu yakiwa yameanza kutoa maua. Nilisimama mlangoni nikaangalia. Maji yaliteremka katikati ya matuta ya dada kwa njia nyingi zilizonyooka, mekundu, yakaingia kwenye mashimo yangu ya juu. Mashimo yalijaa. Kwa muda nilidhani yatahimili. Kisha tuta moja likakatika, likaangukia la chini yake, na hilo likaangukia jingine, mpaka sehemu yote ya juu na ya kati ya shamba ikawa tope linalotembea. Kazi ya wanawake wa ukoo mzima. Mistari ya chini kabisa ndiyo iliyosimama, imezibwa na udongo, maharage yakiwa yamefukiwa humo. Nilipiga kelele kama mtu aliyefiwa, na sioni aibu kusema hivyo.

Jioni ile nilipeleka chungu changu sengu, lakini sikukitua mlangoni. Niliingia nacho ndani.

"Shikamooni, wazee," nikasema. "Nimekuja kuuliza. Ngolo huanzia juu. Mwaka huu kwa nini imeanzia kwangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa fujo. Nilitegemea watanifukuza, au shemeji yangu atakana, au mume wangu atasimama upande wangu hata kwa neno moja. Shemeji alijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Shemeji, pole sana. Lakini fikiria na wewe. Maji ya viazi yangeshukia wapi? Kahawa yetu iko bondeni. Bila ngolo yako pale katikati, leo tungekuwa tunalilia kahawa. Umetuokoa sote. Na mbolea mumeo atapata sehemu yake, hilo tulikubaliana hapahapa tangu Februari."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika tonge, halipeleki mdomoni wala halirudishi. Ile mistari minene ya nyasi. Yale mashimo marefu. Walikuwa wamenichimba mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo nilikuwa naifua kila wiki.

"Dada alijua?" niliuliza, ingawa nilikuwa nalijua jibu.

"Yeye ndiye aliyetoa wazo," akasema shemeji. "Anaijua ngolo kuliko sisi."

Mzee wa ukoo alisema nitasaidiwa, kwamba pale mlimani hakuna anayelala njaa. Ilikuwa kweli, walitimiza. Wanangu hawakulala njaa hata siku moja mwaka ule. Kila nyumba ilileta kidogo, na mimi niliyekuwa siwezi kuomba nilijifunza kupokea. Kwa mama Lipingo sikuteremka. Nilimtumia salamu kwamba nina kazi nyingi.

Wakati wa mavuno dada alikuja na kikapu cha viazi kichwani, vikubwa, maganda safi. "Pole, mdogo wangu," alisema. "Ule na watoto." Alikuwa na machozi, na naamini yalikuwa ya kweli. Nikasema asante. Angekuja na mikono mitupu ningempiga.

Jioni ile nilivichemsha vyote, nikavipeleka sengu kwenye chungu changu kikubwa. Viazi vitupu, bila maharage, kitu ambacho hakijawahi kutoka jikoni kwangu. Safari hii nilikitua mlangoni kama inavyotakiwa, lakini sikuondoka. Nilisimama pale nje nikingoja mtu mmoja tu, hata mmoja, aulize maharage yako wapi. Nilisikia wakimenya, wakiomba chumvi, wakizungumza bei. Mwishowe mume wangu alinitolea chungu kitupu. Alisema viazi vilikuwa vimeiva vizuri, na kama vimebaki, nilete tena kesho.