Uwakala Alioukataa Wilf

Kwa miaka mitatu Doreen Ackroyd alifua mashuka ya mumewe kila asubuhi, na hakuna jirani aliyemsikia akilalama. Alikuwa amepikia watoto wa shule pale Keighley, mji wa Uingereza, tangu ujana hadi alipostaafu. Mwanamke mfupi, mchache wa maneno, wa kukutilia chai kabla hujaketi. Wilf, mumewe, alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma sufu. Sasa hakujua asubuhi wala jioni, na mara mbili polisi walimrudisha kutoka barabara kuu akiwa na nguo za kulalia.

Wilf alikuwa mkono wa birika, tuseme ukweli. Alipoanza kusahau, mwanasheria aliwawekea mezani hati mbili za uwakala, za kumpa Doreen haki ya kumwamulia mumewe: moja ya mali, nyingine ya afya na mahali pa kuishi. Kila hati na ada yake. Wilf akasaini ya mali, ya pili akairudisha.

"Mwili wangu una mke. Mke anataka karatasi ya nini?"

Doreen naye akacheka. Ndilo kosa la watu wa kule, na hawalichoki: kila mtu anaamini ndoa yenyewe ni mamlaka. Sheria yao haisemi hivyo hata kidogo.

Basi mwezi wa Machi akaja Gareth, afisa wa ustawi wa jamii, bwana mpole mwenye kikohozi. Alikwisha kumpima Wilf akaona swali la wapi aishi halimudu tena. Ilibidi aamuliwe: abaki nyumbani, au aende makao ya wazee.

"Anabaki hapa," Doreen akasema. "Mimi ni mkewe."

"Najua, Bi Ackroyd. Lakini sheria inanitaka nijue yeye mwenyewe angetaka nini. Alipokuwa na akili zake, aliwahi kusema?"

Aliwahi. Siku moja wakivuna vitunguu kwenye kijishamba chao, Wilf alinyoosha mgongo akamwambia: "Siku nikiacha kukujua, nipeleke makao. Sikukuoa uje unioshe." Hakuna aliyesikia ila yeye. Angekana, nani angembishia?

Doreen alitafuta hasira moyoni, asiione. Alitafuta machozi, nayo hayakuwapo. Alikuwa amekufa ganzi tangu zamani, na hata hilo alilijua bila kushtuka. Miaka arobaini na minane hakuwahi kumsingizia Wilf neno, akaona uvivu kuanza leo.

"Aliwahi," akasema, akaeleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Gareth akaandika.

"Mpenzi," Wilf akauliza kutoka kitini pake, "huyu bwana anauza bima?"

"Hapana."

"Basi mpe chai aende zake, ametukalia sana!"

Siku tisa baadaye Gareth akarudi na jibu: makao, Jumatatu.

"Nisaini wapi?" Doreen akauliza.

"Hakuna pa kusaini, Bi Ackroyd. Uamuzi ni wa ofisi. Wewe tumekuuliza tu."

"Mmeniuliza tu."

"Ndiyo. Samahani."

"Haya."

Watu wa makao walitaka kila nguo iwe na jina, maana huko nguo hupotea. Mchana ule Doreen akatoa mashati yote kabatini, akatunga uzi, akaanza kushona jina la Wilf ndani ya kola, moja baada ya jingine. Wilf aliketi kando yake akitazama.

"Mashati mazuri. Ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Anasafiri?"

"Jumatatu."

"Na wewe unakwenda naye?"

"Hapana."

"Loo, maskini," Wilf akasema, kwa huruma ya kweli kabisa. Kisha akaomba biskuti, na Doreen akainuka kumletea.