Mashine Ilimzika Babu Mapema

Saa mbili asubuhi, mji wa Waingapu umeshaanza kuchemka. Rambu Ina Kareri, mwenye miaka arobaini na moja, anafunga dirisha kuzuia makelele ya pikipiki. Anafundisha Kiindonesia na uandishi wa kitaaluma katika chuo kidogo kisiwani Sumba, Indonesia.

Leo mkuu wa idara, Bwana Dominggus, ameketi nyuma ya darasa, mikono kifuani. Walimu wengine wanataka akili bandia ipigwe marufuku. Rambu peke yake anairuhusu, na mkuu ataamua baada ya kipindi hiki.

Sharti la Rambu ni moja: ukitumia mashine, utasoma kazi yako mbele ya wenzako na kuitetea sentensi kwa sentensi.

Anasimama Umbu Nggiku, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetumia mashine. Insha yake inahusu mazishi ya kwao, na Kiindonesia chake kinateleza kama mafuta. "Kwa desturi," anasoma, "marehemu huzikwa ndani ya siku moja."

Darasa linaguna.

"Umbu, babu yako alifariki lini?" anauliza Rambu.

"Mwaka juzi, Mwalimu."

"Mlimzika wapi?"

Kijana anajikuna kisogo. "Bado, Mwalimu. Mwili wake upo nyumbani, umeviringishwa vitambaa, ndiyo desturi yetu. Tunasubiri nyati wa kuchinja mazishini watimie."

"Lo! Mashine imemzika bila nyati hata mmoja!" anadakia binti mmoja. "Ukoo mzima umeaibika, kaka!"

Vicheko vinapasuka. Rambu hacheki. "Keti. Andika unachokijua. Mashine ikusahihishie lugha, basi."

Nyumbani kwa Umbu wanaongea Kikambera, lugha ya hapo kisiwani. Kiindonesia cha chuo ni nguo ya kuazima. "Wanafunzi wanaogopa kukosea, ndiyo maana wanajificha nyuma ya mashine," Rambu anamwambia mkuu. "Nikiipiga marufuku, watakwenda kuitumia chooni."

Baada ya nusu saa Umbu anasoma upya. Sentensi zimepinda kidogo, lakini sasa yumo bibi anayempelekea marehemu kahawa kila asubuhi, na wajomba wanaogombana juu ya nani atoe nyati wangapi.

"Nani kakwambia hayo?" anauliza mkuu ghafla.

"Bibi yangu, Mkuu. Nimemnukuu, jina lake nimeliweka mwishoni."

Bwana Dominggus anashusha mikono. "Hivyo vidude bado sivipendi. Lakini Mwalimu, muhula ujao endelea. Na hiyo insha niletee nzima."

Rambu anapumua. Muhula huo anataka kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja, kisha maandishi yote yafungwe kuwa kitabu cha maktaba.

"Wageni wametuandika vya kutosha," analiambia darasa. "Sasa profesa wa vyuo vikubwa vya kule Java amnukuu bibi wa Sumba, na akikosea jina lake, tumkate alama."