Mafiga Kwenye Dirisha la Ngoingwa

Wewe cheka tu. Wengi hucheka nikianza, si nikimaliza. Haya sikusimuliwa na mtu, niliyaona kwa macho yangu mawili, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Ilikuwa Ngoingwa, Thika, mwaka ule kabla ya mvua ya El Nino kuanza. Mimi ni fundi wa mawe, mtu wa Kakamega, lakini siku hizo nilikuwa naishi Gatongora, huko Ruiru. Mama Njoki, aliyenipa kazi, alikuwa amenunua huko Ngoingwa nyumba kuukuu ya mawe, madirisha yake ya mbao yakiwa yameliwa na mchwa. Akaita welda amwekee ya chuma. Sasa hao mawelda, si unawajua? Huyo alibomoa kuta kama mtu anayetafuta panya, akafunga fremu zake, akaenda. Nikaachiwa mimi mapengo.

Haraka ilikuwa ya mtoto. Njoki alikuwa mchanga kabisa, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka, kwa hivyo mama yake alitaka chumba chao kizibwe kwanza. Pengo kubwa hujazwa vipande vya mawe kabla ya plasta, na vyangu vilikuwa vimeisha. Mama Njoki akaona kuagiza vingine ni kuchelewa. Akachukua nyundo, akavunja mawe matatu yaliyokuwa yamelala kwenye nyasi nyuma ya nyumba, akaniletea kwa karai. Yalikuwa na weusi upande mmoja. Nikadhani ni tope. Nikajaza, nikapiga plasta.

Kesho yake plasta ya dirisha hilo ilikuwa chini. Nikalowesha ukuta vizuri, nikapiga tena, ikaanguka tena. Madirisha mengine yalishika, na simiti ilikuwa ile ile, mchanga ule ule. Na tangu siku ile niliyoziba, Njoki alikataa titi. Hospitali walisema hawaoni ugonjwa. Mtoto alikuwa anaisha tukimwona, na mama yake aliacha hata kuniuliza habari ya kazi.

Jioni moja jua likizama nilikuwa nje naipiga plasta hiyo upya, nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa mwanamke, amejifunga leso kiunoni, ameshika sufuria tupu. Akanisalimu kwa upole, nikaitikia. Geti nilikuwa nimelifunga mwenyewe, lakini hilo nilikuja kulikumbuka baadaye. Akaweka kiganja kwenye plasta mbichi.

"Fundi," akasema, "umeweka mafiga yangu ukutani. Watoto wangu nitawapikia wapi?"

Akaondoa mkono. Umewahi kuona mtu akishika plasta mbichi asiache alama? Nilipogeuka kumtazama, hapakuwa na mtu. Plasta yote ikateremka miguuni pangu, vile vipande vikabaki wazi. Nikakwangua kimoja kwa kucha. Weusi ule ulikuwa masizi. Ni kweli simiti haishiki kwenye masizi, fundi yeyote atakuambia. Lakini mtoto je? Masizi humkataza mtoto kunyonya?

Nilimkimbilia Mama Njoki nikamweleza. Jirani yake Mama Halima, aliyekuwa akiuza makaa ng'ambo ya ua, ndiye aliyetueleza. Kabla ya nyumba ya mawe, hapo nyuma palikuwa na kijumba cha udongo cha kupikia. Mwanamke mwenye jiko hilo alianguka akafa akisonga ugali, watoto wake wamekaa wanangoja. Mumewe hakuruhusu mtu kuyagusa mafiga yake. Waliouza nyumba hawakusema. Nani angesema?

Kwetu mafiga ya marehemu hayaondolewi ovyo, na kwa Wakikuyu pia. Mama Njoki alilia bila sauti. Nikatoa vipande vyote, tukavizika pale vilipotoka, na juu yake nikapanga mawe mengine mazima. Yeye mwenyewe akawasha moto, akasonga ugali, akaupakua.

"Mama, lisha watoto wako," akasema, "na mimi uniachie wangu."

Hatukungoja kuona. Usiku huo Njoki alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Plasta niliyopiga asubuhi yake iko mpaka leo.

Lakini sikiza. Njoki hakuambiwa kisa hiki, mama yake aliniapia. Alipoanza kula mwenyewe, kila akipewa ugali alikuwa anamega tonge na kuliweka kando. Siku moja nilipopita kuwasalimu nikamuuliza ni la nani.

"La wale watoto," akanijibu, akaendelea kula.

Kwa hivyo ukinunua nyumba ya mtu, uliza kabla hujainua nyundo. Jiwe kulala kwenye nyasi si kusema halina mwenyewe.