Neno la Kaka Khalfani

Sisi tuliokulia Bagamoyo kabla gemu hazijahamia kwenye simu, tulizifuata nyuma ya duka la Mzee Nassoro. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya bizari na jasho la watoto, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na mkeka wa kukalia. Tukitoka madrasa tulikimbilia huko na juzuu kwapani, vidole vikinata achari ya embe. Mzee Nassoro alituuliza kwanza kama tumeswali, ndipo akafungua mlango. Umeme ukikatika tulitoka nje kucheza rede. Watoto wa leo umeme ukikatika hukaa wakiitazama chaji ya simu inavyoshuka, kama wanauguza mtu.

Kaka yangu Khalfani ndiye aliyefuatana na mzee kwenda Kariakoo kununua gemu mpya, akazijaribu huko huko dukani. Wakirudi tulimzunguka barazani. Hakuwa na maneno mengi. "Hii picha zake nzuri, lakini inachosha." Au, "Hii ya mpira, ngojeni muione wenyewe." Siku moja Mzee Nassoro alimwomba aisifie gemu iliyomdodea. Khalfani akamwambia, "Nisamehe mzee, wenzangu wataniuliza." Mzee akacheka, akaitupia gemu ile kwenye mtoto wa meza. Mama aliposikia alisema, "Huyu mwanangu akikwambia mvua inakuja, wewe anua nguo."

Khalfani alipokuwa mtu mzima akafungua chaneli ya gemu mtandaoni. Mwanzoni nilimtazama kwa fahari. Kisha watengenezaji wakaanza kumpelekea gemu za bure, na kila moja akaisifia kuwa haijawahi kutokea. Vikafuata vichwa vya habari vyenye mishale myekundu na HUTAAMINI. Ukifungua, hamna kitu. Vijana walimporomoshea matusi chini ya video, nami niliyasoma uso ukiniwaka, kama natukanwa mimi.

Mwaka jana Mzee Nassoro alihamia Miono kwa binti yake. Khalfani akatengeneza video kuhusu kile chumba chetu. Juu yake akaweka picha ya mzee isiyo na rangi, na maneno haya: MZEE WA GEMU BAGAMOYO HATUNAYE TENA.

Sikuifungua. Nililia, nikawapigia simu wale tuliocheza pamoja. Wakaja, mmoja kutoka Mlingotini, wengine Dar, tukakodi gari kwenda kuzika. Tulimkuta mzee uani, anamenya chungwa. Binti yake alipotuona tumejitanda kanga, alielewa mara moja. Simu za pole zilikuwa zimemwandama tangu asubuhi. Hakutukaribisha. Aligeuka akaingia ndani.

"Nani kawaambia nimekufa?" mzee akauliza.

Wenzangu wote wakanitazama. "Ni Khalfani," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapana. Khalfani hasemi uongo."

Nilitamani ardhi inimeze. Tulikula chakula chake, tukacheka alipotaka tucheke, na hakuna aliyemwonyesha ile video.

Njiani nilimpigia kaka. "Sikudanganya," akasema. "Si amehama? Hatunaye tena hapa Bagamoyo. Mngeifungua mngesikia." Kisha, kwa sauti ya kunibembeleza, "Lakini imetazamwa kuliko zote, Zuhura."

Mwezi uliopita yeye ndiye aliyenipigia. "Mama kateleza bafuni, hawezi kusimama. Njoo." Nikakata simu, na kabla sijachukua hata mtandio nikampigia jirani yao, Bi Mwanaidi, kumwuliza kama ni kweli.

Ilikuwa kweli. Nilipofika hospitali, Khalfani alikuwa ameinama kitandani, anamnywesha mama maji kwa kijiko.

"Bi Mwanaidi kaniambia ulimpigia," akasema bila kunitazama.

Nilikaa upande wa pili wa kitanda, nikaushika mkono wa mama, nikiona haya kwa ajili ya kaka na kwa ajili yangu. Enzi zile alikuwa na watoto wachache wa barazani, na alilosema lilitutosha. Siku hizi ana maelfu wanaomfuata, na mimi niliyenyonya naye ziwa moja, nauliza kwa majirani kwanza.